Miaka 29 Rabai



Twamkumbuka leo Johannes Rebmann, Mjerumani aliyetumwa na chama cha CMS, akafika Mombasa mwaka 1846 kumsaidia Krapf. Krapf alikuwa amekwisha kuwazika mkewe na mtoto wao mchanga huko pwani mwaka 1844. Wawili hao wakapanda Rabai, wakajenga.

Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro. Alipomwuliza kiongozi wake ule weupe wa kileleni ni nini, alijibiwa kuwa ni baridi tu. Furaha iliyoje! Lakini habari ilipofika London, bwana mmoja wa ramani, Cooley, alikana kwamba pana theluji kule. Yeye hakuwahi kuufikia mlima huo, na bado wengi walimsadiki.

Kisha ikafuata miaka ambayo haina hadithi tamu. Mwana wa Rebmann alifariki angali mchanga. Krapf, mwili umechoka, aliondoka mwaka 1853. Mwaka 1866 Emma, mkewe Rebmann, akafa. Wakristo walikuwa wachache mno. Naye aliendelea kuketi na wenyeji, akikusanya maneno ya lugha ya Wamijikenda, ya Kiswahili na ya Kinyasa, mpaka macho yakaingia giza.

Ndugu zangu, sisi wachungaji tumezoea kumwambia mtumishi aliyevunjika moyo kwamba imani yake imepungua. Tumewaambia hivyo hata vijana wetu waliotumwa mbali, waliporudi likizo wakiwa kimya mezani. Tukawauliza wamebatiza wangapi; hatukuwauliza kama wanapata usingizi. Hapo tulikosa. Eliya aliona moto ukishuka Karmeli, na baada ya muda mfupi alikuwa chini ya mretemu akijiombea kufa. Hakukemewa. Alipewa mkate na maji, akalala tena. Sisi tungalimpa hotuba!

Rebmann aliondoka mwaka 1875, kipofu, baada ya miaka 29. Alifariki mwaka uliofuata huko Korntal, Ujerumani, na kamusi yake ya Kinyasa ikachapishwa mwaka 1877, yeye hayupo. Lakini katika safari ile ndefu ya kurudi Ulaya hakuwa peke yake. Aliyefuatana naye alikuwa Isaac Nyondo, mwana wa Rabai.