Kamera za ulinzi za nyumbani: nyaya na vinasa

Kamera za ulinzi za nyumbani hutegemea zaidi waya na kinasa kuliko ukali wa lenzi. Katika mji kama Tabora, mfumo wa waya ndio chaguo la busara. Waya wa mtandao wa Cat5e au Cat6 hupitisha picha na umeme kwa pamoja hadi mita 100, umbali unaotosha ua wa kawaida. Uwe wa shaba tupu: aluminiamu iliyopakwa shaba ni rahisi kununua, lakini hupoteza umeme zaidi njiani na hukatika upesi kwenye viungio. Huenda mtu akasema kamera za Wi-Fi huepusha gharama ya waya. Hoja hiyo ni nusu tu, kwani nyingi bado huhitaji waya wa umeme, na kuta nene hudhoofisha mawimbi.

Kinasa huchaguliwa kwa hesabu. Kamera inayotuma megabiti 4 kwa sekunde hujaza takriban gigabaiti 43 kwa siku. Kamera nne hujaza diski ya terabaiti 2 kwa siku 11 hivi. Wapo wanaohofia mwizi kuondoka na kinasa chenyewe. Dawa ni kukifungia katika chumba cha ndani na kuweka kadi ya kumbukumbu katika kamera. Umeme ukikatika, betri ya akiba huendeleza kurekodi. Kamera zielekezwe kwenye ua wa mwenye nyumba, kwa kuwa tangu Mei 2023 Tanzania ina sheria inayolinda taarifa binafsi.