Mathias Mnyampala na Wasomaji Wake wa Marika Mawili

Mathias Eugen Mnyampala alizaliwa tarehe 18 Novemba 1917 huko Ihumwa, mashariki ya mji wa Dodoma, katika jamii ya Wagogo. Ulikuwa mwaka mbaya kuzaliwa. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imepita nchini, na majeshi ya Wajerumani na baadaye ya Waingereza yalikuwa yamechukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Mvua nazo zikakosekana. Njaa iliyofuata, ambayo Wagogo waliiita Mtunya, ilidumu hadi 1920, na wanahistoria wanakadiria kwamba iliua watu wapatao 30,000 kati ya 150,000 wa eneo hilo. Hata mwaka ulio mwema Ugogo haupati mvua nyingi: huwa milimita zisizofika 600, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Watu waliishi kwa uwele, mtama na mifugo, ndani ya nyumba za tembe zenye paa bapa la udongo. Kama watoto wengi wa Kigogo, Mnyampala alichunga mifugo kabla ya kushika kalamu.

Shule katika nchi hiyo zilikuwa mikononi mwa wamisionari, na zilikwenda kwa madhehebu. Waanglikana walijikita Mpwapwa, Mvumi na Kongwa, na Wakatoliki Bihawana. Upande wa Kikuyu, mjini Dodoma, palijengwa sekondari ya Alliance iliyohudumia Waprotestanti. Baadaye ikaitwa Mazengo, kwa jina la mtemi mashuhuri wa Mvumi, na majengo yake leo yamo ndani ya Chuo Kikuu cha St. John's. Mnyampala alikuwa Mkatoliki. Alipata elimu ya kiasi, akawa mwalimu, kisha karani wa serikali, kisha liwali, na mwishowe hakimu. Hakuwahi kuishi kwa kuuza vitabu. Aliandika baada ya saa za kazi, na kazi zenyewe ndizo zilizompa mambo ya kuandika, maana karani na hakimu husikia kesi za mipaka ya mashamba, mahari, urithi na ng'ombe waliopotea, na kila kesi huja na historia ya ukoo nyuma yake.

Kitabu chake kikubwa cha kwanza kilitoka 1954: *Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika*. Mchapishaji alikuwa East African Literature Bureau, shirika lililoundwa na serikali za kikoloni za Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1940 ili kuwapatia vitabu watu waliokuwa wamejifunza kusoma lakini hawakuwa na cha kusoma. Mnyampala alikusanya masimulizi ya koo, asili zao, safari zao na watemi wao, pamoja na taratibu za jando, ndoa na kuomba mvua. Kwa Wagogo mtemi hakuwa mfalme wa kuamrisha tu. Alishika mawe ya mvua, na heshima yake ilipanda na kushuka kwa kadiri ya mavuno. Habari za namna hiyo zilikuwa midomoni mwa wazee, kwa Kigogo. Mnyampala aliziandika kwa Kiswahili. Kwa uamuzi huo mmoja kijana wa Kigogo aliyesoma misheni angeweza kusoma habari za babu zake, na Mnyamwezi au Mzaramo naye angezisoma. Ni kitabu cha upendeleo kwa kiasi fulani, maana kila mkusanyaji huwasikiliza zaidi wazee walio karibu naye, lakini hadi leo mtu anayetafiti Ugogo wa kabla ya Wajerumani hawezi kukiruka. Mwaka 1995 mwanahistoria wa Kimarekani Gregory Maddox alikitoa kwa Kiingereza pamoja na maelezo yake.

Hadithi ndefu aliyoichapisha ni *Kisa cha Mrina Asali na Wenzake Wawili*, iliyotoka 1961, mwaka wa uhuru wa Tanganyika. Kumchagua mrina asali kuwa mhusika ni kuingia moja kwa moja katika maisha ya uwanda wa kati. Huko mzinga ni kipande cha gogo kilichochongwa ndani, kikaning'inizwa juu ya mbuyu au mti mwingine mkubwa. Mrina hupanda giza linapoingia, na mwenge wa majani unaofuka moshi, huku mwenzake akingoja chini kupokea masega. Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Anayepanda ameweka maisha yake mikononi mwa aliyebaki chini.

Wakati huo riwaya ya Kiswahili ilikuwa bado changa, na mwandishi aliyesomwa zaidi alikuwa Shaaban Robert wa Tanga. *Kusadikika* yake ilitoka 1951 na *Adili na Nduguze* mwaka uliofuata, na vyote viwili vilisomwa na watu wazima na kushikwa na wanafunzi vilevile. Mpaka kati ya kitabu cha mtoto na cha mkubwa ulikuwa mwembamba. Mtu wa miaka arobaini aliyejifunza kusoma juzi alihitaji sentensi zilezile alizohitaji mwanafunzi wa darasa la sita: fupi, zenye kisa kinachosogea na funzo linaloonekana. Watu wa leo huita uandishi huo wa kimaadili kupita kiasi, nao wana haki, lakini wanasahau kwamba hapakuwa na wasomaji wawili waliotengana. Palikuwa na wasomaji wapya, wengine warefu na wengine wafupi.

Miaka michache iliyofuata uhuru ndiyo iliyokuwa na mavuno makubwa. *Diwani ya Mnyampala* ilitoka 1963, na mwaka huohuo ikatoka *Utenzi wa Enjili Takatifu* kwa Ndanda Mission Press. *Utenzi wa Zaburi*, *Waadhi wa Ushairi* na *Mashairi ya Hekima na Malumbano ya Ushairi* vikafuata. Tenzi za dini zinastahili neno. Utenzi ulikuwa umelelewa kwa karne kadhaa na Waislamu wa pwani, kwa kusimulia maisha ya Mtume na vita vya imani. Mkatoliki wa Ugogo akauchukua na kuimbia Injili humo bila kuona aibu wala kuomba ruhusa. Washairi wa pwani walimkubali. Kanuni za vina na mizani, ambazo Sheikh Amri Abedi alikuwa amezikusanya katika kitabu chake cha 1954, Mnyampala alizifuata kwa ukali kuliko baadhi ya wenyeji wake. Alishika uongozi katika UKUTA, chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, na ndani ya chama hicho ndimo ilimozaliwa kazi iliyompeleka mbali zaidi.

Azimio la Arusha, lililoweka siasa ya ujamaa, lilitangazwa Februari 1967, na mwezi uliofuata Rais Nyerere akatoa mwongozo wa Elimu ya Kujitegemea. Mwaka 1968 aliwaomba washairi wayafikishe mawazo hayo kwa wananchi. Jibu la Mnyampala lilikuwa ngonjera. Alichukua shairi la kawaida la pwani, lenye ubeti wa mistari minne, kila mstari mizani kumi na sita iliyokatwa katikati na kina, akaligawa baina ya watu wawili au zaidi wanaosimama mbele ya watu. Mmoja kwa kawaida hajui au anapinga: haoni faida ya kijiji cha ujamaa, au anaona shule haina maana. Mwenzake anamjibu ubeti kwa ubeti. Mwisho wa mchezo mpinzani anakiri, na wote wanaimba pamoja.

Aliitunga ichezwe na wanafunzi. Hapo marika mawili ya wasomaji wake yalibadilishana nafasi. Hadi wakati huo mkubwa ndiye aliyeandika na mtoto ndiye aliyefunzwa. Katika ngonjera mtoto wa shule ya msingi alisimama uwanjani, amevaa sare, akaeleza siasa ya nchi mbele ya baba yake, mwenyekiti wa kijiji na mkuu wa wilaya, ambao wengi wao wasingefungua kitabu cha mashairi. Ubeti uliokaririwa haukuhitaji msikilizaji ajue kusoma. Na kwa kuwa ulikuwa na vina, mtoto aliukariri bila shida na mzazi akarudi nyumbani na mistari miwili mitatu kichwani. Kwa nchi iliyokuwa na watu wengi wasiojua kusoma, hiyo ilikuwa hesabu nzuri.

Kisanaa, gharama ilionekana mapema. Wakosoaji wa miaka ya 1970 waliona kwamba ngonjera haina mgogoro wa kweli: mpinzani anaingia akiwa ameshashindwa, na mtazamaji anajua mwisho tangu ubeti wa kwanza. Walimu waliotunga kwa kuiga walizidisha kasoro hiyo, kwa sababu walikuwa na kanuni za vina bila ya kipaji. Hukumu hiyo ni ya haki kwa ngonjera nyingi, na kwa baadhi ya zile za Mnyampala mwenyewe. Pale alipokuwa bora ni pale alipompa mpinzani hoja nzito za mkulima anayeogopa kupoteza shamba lake. Hapo majibizano hupata uhai, na pengine kazi ya mahakamani ilimfaa kuliko siasa.

Hakuziona ngonjera hizo zikienea. Alifariki Dodoma tarehe 8 Juni 1969, akiwa na umri wa miaka 51. *Ngonjera za UKUTA*, kitabu cha kwanza, kilichapishwa na Oxford University Press mwaka 1970, na cha pili 1971. Ndani ya miaka michache ngonjera zikawa sehemu ya kila sherehe ya shule: mahafali, Sabasaba, kumpokea kiongozi. Siasa iliyozizaa ikabadilika katika miaka ya 1980, lakini umbo halikuondoka. Lilibebeshwa mada nyingine, kuanzia usafi wa mazingira na UKIMWI hadi haki za mtoto, na wanafunzi wanaozighani leo mara nyingi hawajasikia jina la aliyeanzisha mtindo huo.

Aliacha pia miswada. Mmoja, *Azimio la Arusha na Maandiko Matakatifu*, unalinganisha siasa ya ujamaa na Biblia, jambo ambalo mtunzi wa utenzi wa Injili na wa ngonjera angelifanya mapema au baadaye. Mwingine ni tawasifu yake, *Maisha ni Kugharimia*. Miswada hiyo ilihifadhiwa na familia yake kabla ya kuwafikia watafiti; mmoja wao, Mathieu Roy, alitetea tasnifu ya uzamivu juu ya mashairi ya Mnyampala na ujenzi wa taifa la Tanzania huko Paris mwaka 2013.