Bwawa jipya Karatu: Siku 28 za kwanza ndizo huamua umri wa plasta

MJI wa Karatu, ulioko takriban kilomita 140 magharibi mwa jiji la Arusha, ndio kituo kikubwa cha mwisho kwa wageni wanaokwenda Ngorongoro. Barabara ya lami itokayo Makuyuni hadi lango la Lodoare imeujaza mji huo na vijiji jirani hoteli na nyumba za wageni, na nyingi kati yake zina bwawa la kuogelea.

Bwawa la mita 10 kwa 5, lenye kina cha wastani cha mita 1.5, humeza lita 75,000 za maji. Hizo ni ndoo 3,750 za lita 20. Katika eneo ambalo kiangazi huyageuza maji kuwa bidhaa ya kubebwa na maboza, kosa linalomlazimu mwenye bwawa kumwaga yote na kujaza upya si hasara yake peke yake.

Makosa ya namna hiyo hufanyika zaidi katika mwezi wa kwanza, wakati plasta ingali mbichi. Plasta ya bwawa huwa ni mchanganyiko wa saruji nyeupe na chenga za marumaru. Saruji inapoungana na maji hutoa chokaa, na kazi hiyo huendelea chini ya maji kwa takriban siku 28. Chokaa hiyo hupenya ndani ya maji, hupandisha pH na kuacha vumbi jeupe sakafuni. Maji yenye njaa ya chokaa huinyonya kupita kiasi, na plasta hubaki na vishimo vidogo na ukwaru unaochuna nyayo. Maji yaliyoshiba kupita kiasi nayo huacha ukoko mgumu ukutani.

Jambo la kwanza ni ujazaji. Maji huanza kuingia mara plasta inaposhika, kwa kawaida ndani ya siku moja, na hayapaswi kusimama hadi yafike usawa wa vigae. Yakisimama usiku mmoja, mstari wa usawa huo hubaki ukutani kwa miaka. Hapo ndipo utegemezi wa maboza unapoleta matatizo, kwa kuwa gari la lita 10,000 litahitaji safari nane, na likikwama njiani mstari umekwisha kuchorwa. Anayetegemea boza au kisima chenye nguvu ndogo hana budi kukusanya maji yote katika matangi kabla fundi hajaanza kupiga plasta. Ncha ya mpira wa maji hufungwa kitambaa na kulazwa kwenye kina kirefu, ili maji yasichimbe sakafu.

Jambo la pili ni aina ya maji yenyewe. Ngorongoro na Oldeani ni milima ya volkano, na maji mengi ya ardhini katika maeneo ya volkano ya Bonde la Ufa yana baikaboneti ya sodiamu kwa wingi, huku kalsiamu ikiwa kidogo. Maji hayo hutoa povu jingi la sabuni, na mtu angedhani ni mema kwa kila kazi. Kwa plasta, upungufu wa kalsiamu ni hatari. Hata hivyo kila kisima kina tabia yake, hivyo sampuli yapaswa kupimwa pH, alkali, ugumu wa kalsiamu, chuma na manganizi kabla ya tone la kwanza kuingia bwawani.

Wataalamu wa mabwawa hutumia kipimo kilichobuniwa mwaka 1936 na Wilfred Langelier wa Chuo Kikuu cha California, ambacho hujumlisha pH, joto, alkali na kalsiamu. Sufuri ni maji yaliyotulia. Chini ya -0.3 maji hula plasta, na juu ya +0.3 huacha ukoko.

Chukua mfano wa maji ya nyuzi 19 za Selsiasi, yenye alkali miligramu 300 kwa lita, kalsiamu 40 na pH 8.2. Jibu lake ni karibu +0.2, maana yake alkali nyingi inafidia uhaba wa kalsiamu. Sasa fundi anafuata kitabu: anamwaga asidi hadi alkali ifike 100 na pH 7.4, bila kugusa kalsiamu. Kipimo kinaporomoka hadi karibu -1.1. Bwawa linaonekana safi kama kioo, kumbe plasta inaliwa.

Kwa hiyo, penye maji ya namna hiyo kalsiamu hutangulia na asidi hufuata. Kuipandisha kutoka 40 hadi 200 katika bwawa la lita 75,000 kunahitaji takriban kilo 18 za kalsiamu kloridi ya kawaida ya dukani, zikiyeyushwa kidogo kidogo kwenye ndoo kwa siku kadhaa. Kushusha alkali kutoka 300 hadi 100 hudai kama lita 30 za asidi ya hidrokloriki ya asilimia 32, nayo haipaswi kuharakishwa. Sehemu kubwa ya kazi hiyo yaweza kungoja hadi plasta ikomae, maana alkali hiyo hiyo huigeuza chokaa mbichi kuwa tabaka gumu. Asidi humiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi, wala haihifadhiwi chumba kimoja na klorini ya unga. Vikikutana hutoa gesi inayoua.

Pampu huendeshwa mfululizo kwa saa 72 za mwanzo. Kuta na sakafu husuguliwa kwa brashi ya nailoni mara mbili kwa siku, kwa muda wa wiki mbili. Ni kazi ya kuchosha, na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Mashine ya kufyonza yenye magurudumu hungoja wiki mbili pia, na chumvi na kupasha maji joto hungoja hadi siku ya 28.

Klorini haiingizwi katika saa 48 za kwanza. Baadaye hudumishwa kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, na vidonge visidondoshwe sakafuni kwani hubabua plasta. Ikumbukwe kuwa pH ikifika 8, ni takriban robo tu ya klorini inayoua vijidudu vizuri, ilhali kwenye 7.5 ni karibu nusu. Hiyo ndiyo sababu mgeni haruhusiwi kuogelea wakati pH ingali juu, hata kama hoteli imejaa.

Karatu iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, na jua la huko huunguza klorini upesi. Asidi ya sayanuriki, miligramu 30 hadi 50 kwa lita, huikinga. Kwa upande mwingine, baridi ya Juni hadi Agosti huyafanya maji yale plasta zaidi, hivyo vipimo vilivyotosha mwezi Februari havitoshi mwezi Julai. Masika nayo huleta maji ya mvua yasiyo na kalsiamu, na kiangazi huleta vumbi jekundu la mashamba linaloziba chujio.

Uchimbaji wa kisima unahitaji kibali chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, na Karatu imo katika Bonde la Kati. Maji ya kusafishia chujio yasielekezwe kwenye korongo wanakonywa ng'ombe. Huachwa kwanza juani kwenye shimo la wazi, hadi kipimo cha klorini kisome sufuri.