Kima wa Zika na Fedha Zilizochelewa

Mwaka 1947, katika msitu wa Zika ulio karibu na Entebbe, kando ya Ziwa Victoria, watafiti walijenga madungu juu ya miti na kuweka kima ndani ya vizimba. Kima hao walikuwa wa jamii ya rhesus kutoka Asia. Walichaguliwa kwa sababu homa ya manjano huwaangusha upesi, ilhali kima wengi wa Afrika huibeba bila kudhurika sana. Kazi yao ilikuwa moja tu: kuumwa na mbu, kisha kungojwa wapate homa.

Aprili ya mwaka huo, kima namba 766 akapanda joto. Damu yake ikapelekwa maabara, wakadungwa panya, panya wakaugua. Virusi vilivyotoka humo, hata hivyo, havikuwa vya homa ya manjano. Havikujulikana popote, wakavipa jina la msitu. Miezi michache baadaye vikapatikana tena, safari hii ndani ya mbu wa msitu uleule. George Dick na wenzake walitangaza habari hizo kwa wanasayansi mwaka 1952.

Inafaa kuuliza nani aligharimia madungu yale. Maabara ya Entebbe ilianzishwa mwaka 1936 na wakfu wa Rockefeller wa Marekani. Wakati huo safari za ndege zilikuwa zinaongezeka, na wakubwa waliogopa homa ya manjano isije ikasafiri kutoka Afrika hadi India, ambako mbu wa kuieneza wapo tele. Hivyo swali la kwanza la maabara ile halikutoka kwa mgonjwa wa Uganda. Hata hivyo wachunguzi wake walifanya kazi kubwa: mwaka 1937 walipata virusi vya West Nile katika damu ya mwanamke wa wilaya ya jina hilo. Baadaye maabara ikawa taasisi ya pamoja ya Afrika Mashariki, na Jumuiya ya nchi hizo ilipovunjika mwaka 1977, Uganda ikabaki nayo peke yake.

Zika yenyewe iliwekwa kando. Watu wachache walijulikana kuugua, homa ilikuwa nyepesi, na magonjwa yanayoua yalikuwa mengi. Kwa hilo siwalaumu watafiti sana. Lakini mwaka 2007 ugonjwa ulizuka kisiwa cha Yap, katika Bahari ya Pasifiki, mwaka 2013 ukafika Polinesia ya Ufaransa, na mwaka 2015 madaktari wa Brazil wakaanza kuona watoto wanaozaliwa na vichwa vidogo kupita kiasi. Tarehe 1 Februari 2016 Shirika la Afya Duniani lilitangaza hali ya dharura.

Mwezi huohuo Rais Obama aliliomba Bunge la Marekani dola zipatazo bilioni 1.9. Wabunge wakabishana kwa miezi. Walivutana kuhusu fedha zikatwe wapi na kuhusu kliniki za uzazi wa mpango, na mswada mmoja ukachanganywa hata na suala lisilohusiana, la bendera makaburini. Huku nyuma serikali ikachota zaidi ya dola milioni 500 ambazo nyingi zilikuwa za Ebola. Mwezi Agosti serikali ikamega fungu la utafiti wa magonjwa mengine, wakati mbu wa Florida walikuwa wameshaanza kuambukiza watu. Bunge liliidhinisha dola bilioni 1.1 mwishoni mwa Septemba.

Chanjo ya majaribio ilikuwa imeshaanza kudungwa watu wa kujitolea. Majaribio makubwa yalipofunguliwa mwaka 2017, ugonjwa ulikuwa umefifia, na bila wanaoambukizwa hakuna njia rahisi ya kupima kama chanjo inakinga. Kampuni ya Sanofi ikaacha mradi wake mwaka huohuo. Hadi mwaka 2024 hapakuwa na chanjo ya Zika iliyoidhinishwa, miaka zaidi ya 70 baada ya kima yule kupanda joto.

Serikali zetu nazo ziliitwa kuchangia. Mwaka 2008, mjini Bamako, mawaziri walitoa mwito kwamba kila nchi itenge angalau asilimia 2 ya bajeti ya wizara ya afya kwa utafiti. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na mwanzoni mwa mwaka 2025, Marekani iliposimamisha misaada ya nje, majaribio ya chanjo ya UKIMWI yaliyotegemea fedha hizo yalikwama Afrika Kusini. Utafiti ni kazi ya miaka. Fedha za dharura hununua vifaa, lakini haziwezi kununua miaka iliyopita bila mtafiti kulipwa.

Kila Juni mawaziri wa fedha wa Kenya, Uganda na Tanzania husoma bajeti. Mwulize mbunge wako fungu la utafiti wa afya ni shilingi ngapi, na ngapi kati ya hizo zimetoka hazina yetu wenyewe.