Glasi nane zilitoka wapi? Historia ya maji na dayati ya kula kidogo

Kazi yetu sisi ni sindano na uzi, lakini kuna swali tunaloulizwa kwenye meza ya kukatia kuliko hata la bei ya lesi: "Niko kwenye dayati kali, ninywe maji kiasi gani?" Mara nyingi muulizaji keshajijibu. Mmoja kasikia glasi nane, mwengine kasikia lita tatu, na yupo anayekunywa maji matupu tokea alfajiri mpaka isha kwa kuamini kwamba maji ndiyo yanayoyeyusha mafuta. Tukaona tutafute maneno haya yalianzia wapi. Historia yake ni ndefu kidogo, na ndani yake wamo watu waliopoteza maisha, kwa hiyo tusomeni kwa utulivu.

Kabla ya maji kulikuwa na hesabu ya chakula. Mwaka 1918 daktari mmoja mwanamke wa California, Lulu Hunt Peters, alitoa kitabu kilichowafundisha wanawake wa Marekani kuhesabu kalori badala ya kuhesabu vipande vya mkate. Kitabu kilinunuliwa mno. Tokea hapo kupunguza mwili kukawa ni namba: leo nimekula elfu moja na mia mbili, kesho nile elfu moja. Na namba ikishaingia, kila mtu hutaka kuishusha zaidi ya jirani yake.

Namba ya maji ilikuja baadaye. Mwaka 1945 Bodi ya Chakula na Lishe ya Marekani iliandika kwamba mtu mzima anahitaji kama lita mbili na nusu za maji kwa siku, kwa kipimo cha mililita moja kwa kila kalori anayokula. Sentensi iliyofuata ilieleza kuwa sehemu kubwa ya maji hayo imo tayari ndani ya chakula. Watu wakachukua ile ya kwanza wakaiacha ya pili, kama mteja anayesikia bei ya kitambaa akasahau kuwa kuna na ushoni. Mwaka 2002 Profesa Heinz Valtin wa Marekani, mtaalamu wa figo, aliufuatilia usemi wa glasi nane kwenye maandishi ya kisayansi. Hakuona ushahidi kwamba kila mtu mzima mwenye afya lazima anywe glasi nane za maji matupu kwa siku, na akadhani huenda chimbuko ni sentensi hiyo iliyosomwa nusu.

Sasa chukua kipimo hicho cha mililita moja kwa kalori umpe biharusi anayekula kalori mia sita. Atapata mililita mia sita, chupa moja ndogo na kidogo juu yake, kwa siku nzima, kwa joto letu hili. Haiwezekani! Kula kwake kumepungua, lakini jasho, pumzi na mkojo havikupungua kwa kadiri hiyo. Tena anayekula vizuri hunywa maji bila ya kujijua. Wali uliopikwa karibu theluthi mbili yake ni maji. Tango na tikiti ni zaidi ya asilimia tisini. Mchuzi, uji, supu, machungwa, vyote hivyo ni maji. Ukiviondoa ukabaki na yai moja na kipande cha kuku mkavu, umejinyima na maji yaliyokuwamo. Kwa hiyo anayekula kidogo sana anahitaji kunywa zaidi kuliko alivyozoea, si kwa sababu maji yanakata mwili, bali kufidia yale yaliyokuwa yakiingia na sahani.

Wa kwanza kutajwa katika habari za kutokula kabisa ni kijana wa Scotland, Angus Barbieri. Alikuwa na miaka 27 na uzito wa kilo 207 alipokwenda kwa madaktari wa Dundee, Juni 1965. Walikusudia afunge muda mfupi tu. Yeye akaendelea, siku baada ya siku, mpaka zikafika siku 382. Alikuwa akinywa maji, chai na kahawa visivyo na kitu, na alipomaliza, Julai 1966, alikuwa na kilo 82. Habari hii huzunguka sana kwenye simu, na kila anayeituma huandika: "Alikunywa maji tu!" Sivyo. Madaktari walimpa vitamini na hamira, na vipindi vingine wakampa potasiamu na sodiamu, yaani madini ya chumvi ambayo mwili huyapoteza kwa mkojo. Damu na mkojo wake vilikuwa vikipimwa mara kwa mara. Maji peke yake yasingemfikisha. Na miaka hiyohiyo wapo wagonjwa wengine waliofungishwa hospitalini kwa njia kama hiyo, wakiangaliwa na madaktari, na bado wakafariki. Hao hawatumwi kwenye simu.

Kisha ikaja dayati iliyoitwa ya maji. Mwaka 1967 Daktari Irwin Stillman wa New York alitoa kitabu kilichouzwa kwa mamilioni. Masharti yake: nyama isiyo na mafuta, samaki, mayai, na glasi nane za maji kila siku, glasi zenyewe kubwa, kama mililita mia tatu kila moja. Hapa ndipo glasi nane zilipofunga ndoa na kupunguza mwili, na mpaka leo hawajaachana. Ukimsikia shangazi au mkufunzi wa mazoezi anasema glasi nane kama vile ni sharti la udhu, anamfuata Stillman bila ya kumjua.

Miaka kumi baadaye mambo yalikwenda vibaya. Mwaka 1976 daktari mwengine wa Marekani, Robert Linn, alitoa kitabu kilichosifu kinywaji cha protini. Mtu alikuwa haili kitu, anakunywa kinywaji hicho tu, chini ya kalori mia nne kwa siku. Protini yenyewe ilitengenezwa kwa ngozi, kano na mabaki ya machinjioni (usituulize ya mnyama gani wala kachinjwa vipi). Mwaka 1977 serikali ya Marekani ilianza kupokea taarifa za vifo, na zilikaribia sitini. Wengi walikuwa wanawake, na moyo ndio uliosimama. Maji walikuwa wakinywa. Kilichokosekana ni protini ya maana na madini. Moyo nao ni nyama, na mwili wenye njaa hula nyama yake wenyewe.

Baada ya misiba hiyo ndipo sheria zikaja. Uingereza ilikuwa na dayati ya unga iliyotokana na utafiti wa Daktari Alan Howard wa Cambridge, ya kalori mia tatu na ushee kwa siku, na mwaka 1987 kamati ya serikali ikasema wanawake wasishuke chini ya kalori 400 na wanaume 500. Mwaka 1995 kikatoka kipimo cha kimataifa: chakula cha unga cha dayati ya aina hii kiwe baina ya kalori 450 na 800 kwa siku, kikiwa na protini, vitamini na madini yaliyotajwa. Katikati yake, mwaka 1988, Oprah Winfrey alivuta kwenye televisheni kigari chenye mafuta ya kilo thelathini kuonyesha alichopunguza kwa dayati ya kunywa. Uzito ulirudi, na amelisema mwenyewe mara nyingi. Zamani wanawake wengi walikumbuka kigari, kurudi hakukumbukwi.

Utafiti tunaouona una manufaa zaidi ulifanywa Newcastle, Uingereza, na kutangazwa mwaka 2011. Watu kumi na mmoja wenye kisukari cha aina ya pili walikula kalori kama mia sita kwa siku, kwa wiki nane, chini ya Profesa Roy Taylor na wenzake. Sukari zao zilishuka. Kuhusu maji walihimizwa wanywe angalau lita mbili kwa siku za maji au kinywaji kisicho na kalori. Si lita tano, wala si maji badala ya chakula: walikuwa na unga ulio kamili na mboga pia.

Lita mbili hizo si namba ya kubahatisha. Mwaka 2010 mamlaka ya chakula ya Ulaya ilisema mwanamke anahitaji lita mbili za maji kwa siku kwa jumla, vinywaji na chakula pamoja, na kwamba chakula huleta asilimia ishirini mpaka thelathini yake. Anayekula chakula kidogo na kikavu hana asilimia hizo, basi lita mbili nzima hutoka kwenye kikombe. Hiyo ni ya Ulaya kwenye baridi. Huku kwetu, ukishinda juani au jikoni kwenye shughuli, ongeza kwa kiu yako, na uangalie mkojo: rangi ya majani makavu hafifu ni salama, rangi ya chai ni ishara ya upungufu.

Na ukishafika hapo usizidishe. Hili ndilo tunaloliogopa zaidi. Figo hutoa maji pamoja na chumvi na taka za chakula. Anayekula kidogo sana hana chumvi na taka nyingi za kutoa, kwa hiyo figo zake haziwezi kutoa maji mengi kama za mtu anayekula kawaida. Tena siku za mwanzo za njaa mwili hutupa chumvi nyingi kwa mkojo, na ndiyo maana mtu husikia kizunguzungu akiinuka. Ukimwagia juu yake maji matupu lita kwa lita, chumvi ya damu huzidi kushuka na ubongo huvimba. Huanza kwa kichwa kuuma na kichefuchefu, kisha mtu huchanganyikiwa, kisha degedege. Mwaka 2007 huko Sacramento, California, mama wa watoto watatu alifariki saa chache baada ya kushiriki shindano la redio la kunywa maji bila ya kwenda chooni. Zawadi ilikuwa mashine ya michezo ya video. Maji haya haya ya kunywa, hayakuwa na sumu yoyote.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha theluthi ya tumbo kwa chakula, theluthi kwa kinywaji na theluthi kwa pumzi. Anayejaza maji ili kuidanganya njaa keshaifuta theluthi ya kwanza. Na anayefunga Jumatatu na Alkhamisi, au analipa siku zake kabla ya harusi, asizimeze lita mbili zote pale pale kwenye futari. Muda ni kutoka magharibi mpaka alfajiri: kikombe kimoja au viwili wakati wa kufuturu, supu, kikombe baada ya isha, chengine kabla ya kulala, na viwili daku. Sisi kwa maoni yetu siku za funga si siku za kalori mia sita. Chagua moja.

Sasa turudi kwenye kiuno, maana huko ndiko mlikokuja. Mwili huhifadhi akiba ya sukari kwenye ini na misuli, na kila gramu moja ya akiba hiyo hukaa na kama gramu tatu za maji. Ukiacha kula, akiba hutumika na maji yake hutoka. Ndiyo maana wiki ya kwanza mizani hushuka kilo mbili na zaidi, biharusi akatujia anang'ara: "Punguza kiuno, nimekwisha!" Hayo ni maji, dada. Siku ya pilau ya kwanza akiba hujaa, na maji yake hurudi nayo. Kujikausha kwa kutokunywa siku mbili kabla ya shela ni hesabu ile ile, na huongeza midomo iliyopasuka chini ya rangi, kichwa kuuma na choo kigumu.

Kwa hiyo hatukati kitambaa kwa mpimo wa wiki ya kwanza, hata mama wa biharusi akija kutuamrisha. Tunapima, tunaacha akiba ya sentimita tatu kila upande kwenye mshono, tunapima tena wiki mbili kabla ya harusi, na mara ya mwisho siku nne kabla, akiwa amekula na kunywa kama kawaida yake. Akiba hiyo haionekani na haiongezi bei.

Wapo ambao hatuwashoni kwa mpimo wa dayati kabisa mpaka wapite hospitali kwanza: mwenye kisukari anayetumia dawa au sindano, mwenye presha anayekunywa vidonge vya kukojoza, mwenye ugonjwa wa figo au moyo, mwenye mimba, anayenyonyesha, na binti aliye chini ya miaka kumi na minane. Hao kiasi cha maji chao kinapangwa na daktari pamoja na dawa, na huenda kikawa kidogo kuliko lita mbili. Kwa wengine, kalori chini ya mia nane ni kazi ya kufanywa chini ya daktari pia, kwa wiki chache zilizohesabiwa. Aliye na miezi sita mbele yake hana haja nayo: apunguze wali kwenye sahani, aache soda na juisi za sukari, atembee jioni, na maji anywe kwa kiu yake.