Mtoto aliyerudi kutoka vitani: utafiti wa Theresa Betancourt unatuambia nini?

Huenda nyumbani kwako, au kwa jirani yako, yupo mtoto aliyewahi kuchukuliwa na kundi lenye silaha, au aliyeona mambo ambayo hata mtu mzima hawezi kuyasimulia. Halali vizuri. Anafoka kwa jambo dogo. Darasani yuko kimya. Mzazi anabaki kujiuliza: je, mwanangu ameharibika moja kwa moja?

Theresa Betancourt, mtafiti wa Marekani wa afya ya akili ya watoto, anayefundisha Boston College, amelifuatilia swali hilo kwa zaidi ya miaka 20. Alianza Sierra Leone mwaka 2002, mwaka ambao vita vilivyoanza 1991 vilitangazwa kwisha. Yeye na wenzake waliwahoji vijana zaidi ya 500. Wengi walikuwa wametumikishwa na makundi ya wapiganaji, wengine wakiwa na umri wa miaka 10 au chini yake: wakapigana, wakabeba mizigo, wakapika, na wasichana wakafanywa "wake" kwa nguvu. Watafiti waliwarudia vijana haohao mwaka 2004, 2008, na tena 2016 na 2017, walipokuwa watu wazima wenye watoto wao. Utafiti wa namna hii ni adimu. Wengi wetu tumeshahojiwa mara moja na mtu mwenye daftari ambaye hatukumwona tena.

Maisha baada ya vita

Vita viliacha alama, hilo halina ubishi. Vijana waliolazimishwa kuua au kujeruhi walikuwa na hasira nyingi zaidi, na waliobakwa walisumbuliwa zaidi na wasiwasi. Lakini hali ya kijana ilitegemea sana pia kile kilichompata baada ya kurudi. Je, familia ilimpokea? Alirudi shule? Majirani walimwita kwa jina lake, au walimwita muuaji?

Watafiti waligundua kwamba sehemu kubwa ya hasira ya waliolazimishwa kuua au kujeruhi ilihusiana na kubaguliwa na kusemwa waliporudi. Pale familia na jamii zilipowakubali, hasira ilipungua.

Miaka 15 hivi baadaye tofauti bado ilionekana. Takriban theluthi mbili ya vijana waliofuatiliwa walikuwa wamepata familia na jamii zilizowakumbatia tangu mwanzo. Wengine walianza kwa kutengwa, lakini wakakubaliwa kadiri muda ulivyopita, na hali yao ikaja kufanana na ya wale wa kwanza. Kundi dogo lilibaki limetengwa. Hao walikuwa takriban mara mbili zaidi katika hatari ya kuwa na wasiwasi na huzuni kali, mara tatu zaidi kujaribu kujiua, na zaidi ya mara nne kuingia matatani na polisi.

Hapa ndipo neno ustahimilivu linapohitaji kueleweka vizuri. Mara nyingi tunalitumia kana kwamba ni moyo wa chuma ambao mtoto mmoja anao na mwingine hana. Takwimu hizi zinaonyesha kwamba sehemu kubwa yake iko mikononi mwa watu wanaomzunguka, ukiwemo wewe jirani.

Msaada unaotolewa na watu wa kawaida

Madaktari wa akili ni wachache katika nchi zetu. Kwa hiyo timu ya Betancourt ilitengeneza programu ambazo mtu asiye daktari anaweza kuziendesha akifunzwa na kusimamiwa. Sierra Leone, vijana wenye umri wa miaka 15 hadi 24 walikutana katika vikundi kujifunza kutuliza hasira, kupumua polepole na kutatua matatizo hatua kwa hatua. Walioshiriki waliweza zaidi kuzitawala hisia zao, na walidumu zaidi shuleni.

Nchini Rwanda kuna Sugira Muryango, jina ambalo msomaji wa Kinyarwanda hahitaji kutafsiriwa. Mhudumu huzitembelea nyumbani familia maskini zenye watoto wadogo na kukaa na wazazi wote wawili, baba akiwemo. Ukali dhidi ya watoto ulipungua, na akina baba wakashiriki zaidi katika malezi. Na huko Marekani, familia za Wabantu wa Somalia, jamii ambayo wengi wao walipitia Dadaab na Kakuma, zilitembelewa na wakimbizi wenzao waliofunzwa kazi hiyo.

Unaweza kufanya nini

Usimlazimishe mtoto kusimulia. Akianza mwenyewe, msikilize, na usiyapeleke kisimani aliyokuambia. Mrudishe shule mapema, hata kama atakaa na watoto wadogo kuliko yeye. Nenda ukazungumze na mwalimu kabla wanafunzi hawajaanza kumtania. Mpe kazi za nyumbani kama wenzake. Ukisikia watu wakimwita majina, mwambie kiongozi wa bloku au wa dini akemee hadharani, bila kumtaja mtoto.

Ndoto mbaya au kukojoa kitandani kukiendelea kwa wiki kadhaa, zungumza na mhudumu wa ulinzi wa mtoto katika eneo lako. Mtoto akizungumzia kufa au kujiua, usisubiri miadi: mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, na usimwache peke yake njiani wala nyumbani.