Merikani: Historia Tuliyoivaa Bila Kuijua



Halmashauri ya mkutano wetu iliniomba niandike kurasa chache za historia kwa ajili ya kijitabu hiki. Nilikusudia kuandika habari za Pangani, mji wa wazee wetu, kama ilivyo desturi yangu. Lakini jambo lililotokea nyumbani kwangu, hapa Virginia, limenilazimisha nianzie mahali pengine. Nawaomba radhi wakubwa zangu iwapo nitagusa palipofunikwa kwa miaka mingi.

Mjukuu wangu wa kike, mwenye umri wa miaka 13, alipewa shuleni kazi ya kuchora nasaba ya ukoo wake. Rafiki yake, binti wa Kimarekani mweusi, aliweza kurudi nyuma hadi mwaka 1870 tu, kisha akakwama. Mjukuu wangu akaja kuniuliza: "Babu, mbona mababu wa mwenzangu hawana majina? Na sisi je, tulikuwa watumwa?" Nikamjibu upesi: "Sisi ni waungwana wa pwani, mwanangu. Historia hiyo ni yao, haituhusu." Mke wangu, aliyekuwa akichambua mchele, akaniangalia asiseme neno. Usiku ule sikupata usingizi, kwani nilijua kwamba katika jibu fupi namna ile nilisema uongo mara mbili.

Nianze na swali la majina, kwa kuwa jibu lake nalijua kutokana na kazi yangu. Mnakumbuka kwamba nilitumikia Idara ya Ardhi huko Tanga, na nilipohamia nchi hii mwaka 1997 nikaajiriwa katika ofisi ya hati ya kaunti moja, hadi nilipostaafu. Kazi ya karani wa hati ni kusoma karatasi zilizoachwa na marehemu. Katika madaftari ya zamani ya Virginia, binadamu wameorodheshwa katika mirathi pamoja na ng'ombe, majembe na vitanda, kila mmoja na bei yake. Wameandikwa kwa jina moja tu, bila la baba. Katika sensa za mwaka 1850 na 1860, watumwa wengi mno hawakuandikwa hata hilo jina moja: umeandikwa umri, jinsia, rangi, na jina la bwana. Sensa ya mwaka 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika wote kwa majina yao. Huo ndio ukuta aliogonga yule binti.

Waafrika wa kwanza kuletwa Virginia, watu wa Angola, walishushwa mwaka 1619. Kati ya watu wapatao milioni 12.5 waliopakiwa katika majahazi ya bahari ya Atlantiki, walioletwa moja kwa moja Amerika ya Kaskazini hawakufika laki 4. Ilikuwaje basi kufikia mwaka 1860 watumwa wa Marekani wawe karibu milioni 4, na Virginia peke yake iwe na karibu laki 5? Jibu lipo katika sheria. Mwaka 1662 Virginia iliamua kwamba mtoto atafuata hali ya mama yake. Mama akiwa mtumwa, mtoto ni mtumwa, hata kama baba ni bwana mwenyewe. Kwa sheria hiyo tumbo la mwanamke likageuzwa kuwa mali.

Mwaka 1793 ilibuniwa mashine ya kutenganisha pamba na mbegu zake, na mashamba ya pamba yakaenea kusini. Mwaka 1808 uagizaji wa watumwa kutoka ng'ambo ukapigwa marufuku, lakini biashara ya ndani ikashamiri. Watu wapatao milioni moja walihamishwa kutoka majimbo kama Virginia kupelekwa kusini zaidi, wengi wao kwa kuuzwa, mume huku na mke kule. Katika mji wa Alexandria, mtaa wa Duke, bado imesimama nyumba iliyokuwa ofisi ya wafanyabiashara Franklin na Armfield kuanzia mwaka 1828 hadi 1836. Leo ni makumbusho. Nimempeleka mjukuu wangu huko, na wengine wenu mnaweza kuifikia kwa mwendo mfupi tu.

Sasa nieleze kwa nini kusema "haituhusu" kulikuwa uongo wa kwanza.

Bibi zetu walikuwa na kitambaa wakikiita merikani. Sisi tuliokua Pangani tulilisikia neno hilo utotoni, na wala hatukuuliza limetoka wapi. Limetoka hapa. Mwaka 1833 Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Sayyid Said bin Sultan, na mwaka 1837 balozi mdogo wa Marekani akawasili Unguja. Meli za Salem, katika jimbo la Massachusetts, zilileta shehena za kitambaa kilichofumwa katika viwanda vya kaskazini, nazo zikarudi na pembe za ndovu, karafuu na sandarusi. Pamba ya viwanda hivyo ilichumwa na watumwa wa kusini. Kitambaa hicho kilikuwa fedha ya misafara: kilipanda kutoka pwani hadi Ujiji na kwingineko, kikanunua pembe, na kikanunua watu. Hivyo pamba iliyochumwa na mtumwa wa upande ule ilisaidia kumnunua mtumwa wa upande huu. Vita vya Marekani vya mwaka 1861 hadi 1865 vilipokatiza pamba, merikani ikaadimika hata Unguja.

Na urithi wa utumwa haukukoma kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 1865. Waliopewa ardhi mwanzoni mwa mwaka huo walinyang'anywa wengi wao muda si mrefu baadaye. Mwaka 1896 Mahakama Kuu ya Marekani ikahalalisha ubaguzi. Mimi nimeuona urithi huo kwa macho yangu katika hati za nyumba: vifungu vinavyokataza nyumba isiuzwe wala isikaliwe na mtu asiye mweupe. Mwaka 1948 mahakama iliamua kwamba vifungu hivyo haviwezi kutekelezwa na mahakama, na ubaguzi wa makazi ukakatazwa kwa sheria mwaka 1968. Lakini maandishi yangali katika madaftari, na hasara ingali katika familia. Nyumba ndiyo akiba kuu ya mtu wa kawaida katika nchi hii. Aliyezuiwa kununua mwaka 1940 hakuwa na cha kumrithisha mwanawe, wala mwanawe mjukuu wake. Nilipolipia nyumba yangu mwenyewe nilisoma hati yake ya zamani, nikakikuta kifungu hicho hicho. Nilikaa kitako nikafikiri ni nani aliyenifungulia mlango ule. Ni watu hawa ambao nilimwambia mjukuu wangu kwamba historia yao haituhusu. Na sheria ya uhamiaji ya mwaka 1965, iliyofuta mgao wa kubagua watu kwa nchi walizotoka, ilipitishwa katika vuguvugu la mapambano yao. Wengi wetu tumeingia kwa mlango huo.

Tusidhani kwamba shule zitatufanyia kazi hii. Mwaka 1831 Virginia ilikataza mikusanyiko ya kuwafundisha watu weusi kusoma. Kuanzia mwaka 1957 hadi miaka ya 1970 watoto wa jimbo hili walisomeshwa vitabu rasmi vilivyoonyesha kwamba watumwa walikuwa na furaha. Kaunti ya Prince Edward ilifunga shule zake zote za umma kuanzia mwaka 1959 hadi 1964, ili mtoto mweusi na mweupe wasikae darasa moja. Carter G. Woodson, mwana wa waliokuwa watumwa, mzaliwa wa Virginia, ndiye aliyeanzisha mwaka 1926 juma la historia ya watu weusi, lililopanuliwa kuwa mwezi mzima mwaka 1976. Lakini kuanzia mwaka 2021 majimbo kadhaa yamepitisha sheria za kubana mafunzo haya, na mwaka 2023 miongozo ya Florida ilielekeza wanafunzi wafundishwe kwamba watumwa walijipatia ujuzi ambao uliweza kuwafaa wao wenyewe. Historia isiyofundishwa nyumbani hufundishwa na mwingine, kwa namna aipendayo yeye.

Nimefika kwenye uongo wa pili, nao ni mgumu zaidi kuuandika.

Ile nasaba yetu inayotundikwa ukumbini kila tukutanapo ina majina saba ya mababu, mmoja juu ya mwingine. Pembeni ya baba yake babu yangu pameandikwa "mkewe," basi. Shangazi yetu mkubwa, Mungu amrehemu, aliniambia kabla ya kufariki kwamba bibi huyo aliletwa mtoto kutoka upande wa Nyasa, akauzwa Pangani, enzi ambazo mashamba ya miwa ya bonde lile yalilimwa na watumwa. Alikuwa suria. Kwa sheria yetu mtoto wa suria akikubaliwa na baba yake huwa mwungwana, kinyume kabisa cha ile sheria ya Virginia. Nimewasikia baadhi yetu wakijivunia tofauti hiyo. Ni tofauti kweli, na babu yangu aliishi kwa ajili yake. Lakini mtoto alipewa jina na mama akapokonywa lake. Soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Hali ya utumwa ikafutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, lakini masuria wakasubiri hadi 1909. Tanganyika ilikuwa mwaka 1922. Si zamani hizo za hadithi. Ni umri wa wazee waliotulea.

Waswahili husema mwacha asili ni mtumwa. Nauliza kwa heshima: na asili ya mtumwa ataishika nani, ikiwa wajukuu zake wanaiona aibu? Sisi tu wajukuu wa aliyenunua na wa aliyenunuliwa, na damu hizo haziwezi kutenganishwa. Yule binti anatafuta majina aliyoibiwa na watu wa mbali. Sisi jina letu tumelificha wenyewe.

Kwa hiyo naleta ombi mbele ya mkutano. Mwenye kulijua jina la bibi huyo, au lolote alilosikia kwa wakubwa, awe Muscat, Dubai, Leicester au Tanga, na aseme sasa, wazee wangali hai. Na kila mzazi akae na watoto wake awasimulie historia zote mbili, ya nchi hii na ya pwani yetu, pasipo kuipamba hata moja.

Mimi nimekwisha kumwomba radhi mjukuu wangu. Alinisikiliza, kisha akaifuta "mkewe" katika kazi yake ya shule, akaandika: "Bibi yetu kutoka Nyasa. Jina lake bado tunalitafuta."

Wabillahi tawfiq.